Ali na Foreman wangerudiana nani angeshinda? Namna ya kutabiri pambano ambalo halikupigwa

Tangu bondia George Foreman afariki Machi 2025 ubishi mmoja umerudi hapa Lamu na mpaka leo haujaisha, ukikaa Mkunguni jioni unausikia, ukishuka Langoni unaukuta tena: kama Foreman angepewa marudiano na Muhammad Ali baada ya lile pambano lao la Kinshasa, nani angeshinda? Marudiano yale hayakupigwa kabisa. Walipigana mara moja tu, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali akamlaza Foreman raundi ya 8 na hawakukutana tena ulingoni mpaka wote wawili wameondoka duniani, Ali 2016 na Foreman 2025. Sasa watu wanajibu kwa mapenzi. Anayempenda Ali anasema Ali, anayemkumbuka Foreman akirudi kuchukua mkanda wa ubingwa 1994 akiwa na miaka 45 anasema Foreman, na anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Mimi hii ndondi naipenda sana na inaniuma swali zuri hivi kujibiwa hovyo, kwa hivo naeleza hapa namna ya kulifanyia kazi, na njia hii inafaa kwa mabingwa wowote wawili, wa zamani ama wa sai. Na nieleweke, sizungumzii kamari. Nazungumzia kujua ndondi.

Msingi ni huu, ukiushika hayo mengine yanafuata. Pambano la kwanza ndio shahidi uliye naye. Tafuta ni kitu gani hasa kiliamua pambano lile, alafu jiulize kitu hicho chaweza kurekebishwa kambini kwa miezi mitatu minne ama hakirekebishiki. Kama chaweza kurekebishwa, aliyeshindwa ana nafasi. Kama hakirekebishiki, mshindi ni yule yule hata warudiane mara tano. Usianze na swali la nani bora, hilo ndilo linalopoteza watu kila siku.

Kwa hivo kazi ya kwanza ni kutizama pambano lote upya. Lote, sio vile vipande vya dakika mbili vinavyozunguka kwenye simu, sababu vile vipande vinakuonyesha konde la mwisho na konde la mwisho ni matokeo ya mambo yaliyoanza raundi tatu nne nyuma. Zima sauti, watangazaji wanakutia maneno kichwani na ukishawasikia huoni tena kwa macho yako. Chukua daftari na kila raundi andika mambo matatu: nani anachagua umbali wa kupigania, nani anarudi nyuma kwa kutaka mwenyewe na nani anarudi kwa kulazimishwa, na nani ameanza kupumua kwa mdomo. Hayo matatu yatosha. Ukianza kuhesabu makonde utachoka raundi ya pili na utakua umeyakosa yale ya maana.

Sasa fanya hivo na Kinshasa uone. Wengi hapa kwetu wanaamini Ali alipigwa raundi saba mfululizo akavizia bahati yake. Kwa daftari unaona kitu kingine kabisa. Raundi ya kwanza Ali anaingia na mkono wa kulia moja kwa moja bila kutanguliza jebu, ile ngumi nyepesi ya mkono wa mbele, na kulia ya hivo ni ngumi ambayo bondia wa kiwango kile hategemei kupigwa nayo namna hiyo, na Foreman anaudhika. Raundi ya 2 Ali anaenda kwenye kamba, anaegemea, anafunika uso, anamwacha Foreman apige mikono na mbavu, alafu kila Foreman akivuta pumzi anarudishiwa mbili tatu za usoni. Raundi ya 5 Foreman anamwaga kila alichonacho, na kabla kengele haijalia ni Ali anayepiga. Kuanzia hapo ngumi za Foreman zinasukuma tu. Na walipofika raundi ya 8 majaji wote watatu walikua wamempa Ali uongozi, yaani Foreman hata asingeanguka, bado alikua anapoteza. Hili watu hawalijui na ndilo linalobadilisha utabiri wote, kwa sababu bondia aliyekua anaongoza kwa pointi alafu akanaswa na konde moja ana kesi tofauti kabisa na bondia aliyekua anamalizwa pole pole raundi baada ya raundi.

Hapo ndipo unaingia kwenye kugawanya sababu za kushindwa, na hapa sitaki uharakishe, hapa ndio penye nyama.

Kuna kushindwa kwa maandalizi. Lennox Lewis Aprili 2001 alikwenda Afrika Kusini kupigana na Hasim Rahman, pambano lilipigwa Brakpan karibu na Johannesburg, mahali palipo juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari ambapo pumzi inataka kuzoeshwa mapema, na Lewis alifika kwa kuchelewa, mwili mzito, na wakati mwingine wa kambi aliupeleka kwenye kucheza filamu. Raundi ya 5 akalala. Novemba mwaka ule ule akajiandaa sawasawa na Rahman hakupita raundi ya 4. Anthony Joshua na Andy Ruiz vilevile: Juni 2019 New York, Joshua alikua amejiandaa kwa mtu mwingine, Ruiz akaingizwa kama mbadala mwezi mmoja hivi kabla, akamwangusha Joshua mara nne na kumaliza kazi raundi ya 7. Desemba kule Saudia Joshua akaja na ratili 237 kutoka 247, mwepesi, anapiga na kuondoka, na Ruiz akapanda kutoka 268 hadi 283 na zaidi. Pambano lile uliweza kulitabiri siku ya mizani, kabla hata glavu hazijafungwa, na majaji wakampa Joshua 118-110, 118-110 na 119-109.

Alafu kuna kushindwa kwa ufundi, na huku hakuponi kwa kambi. Oleksandr Usyk alimshinda Joshua London Septemba 2021, wakarudiana Jeddah Agosti 2022, Joshua amebadilisha mkufunzi, amebadilisha mpango, amepigana vizuri kuliko mara ya kwanza nasema ukweli, na bado akashindwa. Kwa nini? Kwa sababu kilichomshinda ni miguu ya Usyk na ule msimamo wa mkono wa kushoto na akili ya kubadilisha mambo katikati ya pambano, na mkufunzi hawezi kukushonea miguu mipya. Manny Pacquiao na Juan Manuel Márquez walipigana mara nne, 2004 sare, 2008 na 2011 Pacquiao kwa pointi za kubishaniwa, 2012 Márquez akamlaza raundi ya 6. Miaka minane na tatizo ni lile lile, Pacquiao akiruka ndani na Márquez akimngoja na mkono wa kulia.

Na kuna aina ya tatu ambayo iko katikati: kosa moja dogo ambalo mwenzako ameliona. Hii ndio tamu kuliko zote. Max Schmeling mwaka 1936 aligundua Joe Louis akishapiga jebu anaushusha mkono wa kushoto, basi kila ukishuka yeye anapitisha wa kulia juu yake, mpaka Louis akaanguka raundi ya 12. Kosa kama lile linafundishika. Louis akalirekebisha, na Juni 1938 walipokutana tena New York pambano lilidumu sekunde 124. Kwa hivo ukiona bondia kashindwa kwa kosa moja lenye jina, na ni kijana bado, na anakubali kufundishwa, mpe uzito mkubwa kwenye marudiano.

Kinachofuata ni kuuliza nani ana njia zaidi ya moja ya kupigana. Marudiano yanampendelea mwenye njia nyingi, kila mara nikitizama naliona hili. Sugar Ray Leonard Juni 1980 kule Montreal aliingia kwenye mtego wa Roberto Durán, akapigana kifua kwa kifua kama Durán anavotaka, akapoteza kwa pointi. Miezi mitano tu baadaye, New Orleans, akaanza kucheza na miguu, anazunguka, anamkejeli, na Durán raundi ya 8 akakataa kuendelea. Leonard alikua na njia ya pili mfukoni, Durán hakua nayo, na juu ya hayo Durán alikua amenenepa baada ya ushindi na kupunguza uzito kwa haraka. Rudi kwa watu wetu sasa. Foreman wa 1974 alikua na njia moja: songa mbele, kata ulingo mtu asipate pa kukimbilia, piga kila kitu kwa nguvu zote. Ilikua njia ya kutisha, alikua na mapambano 40 bila kupoteza na 37 ameyamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Ila ni moja. Ali alikua na ile ya kucheza na miguu, hii ya kamba, ya kulia moja kwa moja, ya kukumbatia na kuinamisha kichwa cha mtu, na mdomo wake pia nauhesabu.

Hapa nitoe onyo moja kubwa. Usifanye hesabu ya fulani alimpiga fulani. Joe Frazier alimshinda Ali 1971, Ken Norton alimshinda Ali 1973 na kumvunja taya, na Foreman akawafagia wote wawili, kila mmoja kwa raundi mbili, Frazier alianguka mara sita. Kwa hesabu hiyo Ali alitakiwa atolewe na machela Kinshasa, na ndivo walivyotabiri wengi wakati ule. Frazier na Norton walimwendea Foreman mbele ama wakasimama pale anapopapenda. Ali hakusimama pale. Mtindo wa mtu unapimwa na mtindo wa mtu aliye mbele yake, basi.

Mazingira nayo yahesabu lakini usiyatilie chumvi. Andika: ulingo mkubwa ama mdogo, kamba zimekazwa ama zimelegea, joto, saa ya pambano, refa, pambano liko kwa nani. Sisi wa hapa tunalijua hili kwenye mashindano ya mashua, mashua ni ile ile na nahodha ni yule yule lakini upepo ukigeuka mshindi wa mwaka jana anafika wa tatu. Kinshasa pambano lilianza saa kumi alfajiri ya kule, hapa Lamu ilikua saa kumi na mbili asubuhi, joto lipo na kamba zilikua zimelegea kiasi Ali aweza kulala nyuma kichwa kikatoka nje ya ulingo. Kamba zilizokazwa zingempunguzia Ali ile nafasi, hilo nalikubali. Na Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa kutoka 25 Septemba hadi 30 Oktoba, kwa hivo hakupata kambi aliyoitaka. Marudiano ya New York, kamba zimekazwa, jicho zima, yangempa Foreman kitu. Swali ni kitu hicho kinatosha kufidia pumzi? Mimi naona hakitoshi, sababu kilichommaliza ni kupiga kwa nguvu zote toka kengele ya kwanza bila kujua kupunguza, na hiyo ni tabia yake, kamba haihusiki.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu analiruka: weka tarehe. Usiseme marudiano, sema marudiano ya mwezi gani mwaka gani. Mabondia hawakai pale ulipowaacha. Mfano wa nyumbani ni Fatuma Zarika wetu, aliyekua bingwa wa dunia wa chama cha ndondi cha WBC, 2018 alikwenda Mexico akamshinda Yamileth Mercado kwao, 2019 wakarudiana huko huko Mexico na mkanda ukaenda kwa Mercado. Mercado ni mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka mmoja kwa msichana anayekua ni kitu kikubwa, kwa bingwa aliyeanza kuchoka ni kitu kikubwa zaidi. Artur Beterbiev na Dmitry Bivol walipigana Riyadh Oktoba 2024 Beterbiev akashinda, majaji walitoa 114-114, 115-113 na 116-112, wakarudiana Februari 2025 Bivol akashinda kwa namba zile zile zimegeuzwa tu. Katikati hapo Beterbiev ametimiza miaka 40. Hata Karim Mandonga wa Tanzania na Daniel Wanyonyi wa hapa Kenya, Januari 2023 Mandonga kashinda Nairobi kukawa na kelele nchi nzima, Julai Wanyonyi akairudisha kwa pointi.

Basi tuweke tarehe kwa Ali na Foreman, na ntaweka mbili.

Tarehe ya kwanza, katikati ya 1975. Ali alikua bado na pumzi, mwaka ule alipigana na Chuck Wepner, Ron Lyle na Joe Bugner kabla ya kukutana na Frazier kule Manila mwezi Oktoba. Foreman je? Kwa pambano lililopitia muda mrefu namna hii una faida, waweza kutizama mtu alifanya nini baadaye, itumie. Foreman mwaka mzima wa 1975 hakupigana pambano rasmi hata moja, alichofanya ni yale maonyesho ya Toronto mwezi Aprili ambapo alipigana na watu watano jioni moja, na Ali yuko pembeni ya ulingo anampigia kelele na yeye anamjibu kwa hasira. Yatafute uyatizame. Yule ni mtu ambaye Kinshasa bado imo kichwani mwake, na Ali bado anajua kuibonyeza. Ukimleta ulingoni miezi miwili baada ya pale ataingia na njia ile ile moja na hasira mara mbili. Katika mapambano 10 nampa Ali 7, na mengi kati ya hayo kwa pointi, sababu safari hii Foreman angejilinda kidogo zaidi mwishoni na asingeanguka kirahisi.

Tarehe ya pili, mwisho wa 1976. Hapa mambo yanageuka na hapa ndipo nataka mashabiki wa Ali wavumilie. Manila ilimla Ali. Aprili 1976 alipewa pointi dhidi ya Jimmy Young ambazo wengi walizikataa, Septemba akapewa tena dhidi ya Norton na ubishi wake upo mpaka leo. Miguu haikuwepo, alibaki na akili na kifua. Foreman upande wake Januari 1976 alipitia moto na Ron Lyle, akaangushwa mara mbili raundi ya 4 akainuka na kumlaza Lyle raundi ya 5, akiwa na mkufunzi mpya Gil Clancy, alafu Juni akamrudia Frazier na kummaliza raundi ya 5, na kwenye pambano lile la Frazier unaona kabisa anangoja, anapima, hamwagi kila kitu raundi ya kwanza. Kwa hivo Foreman wa mwisho wa 1976 nampa 6 kwa 10. Sio zaidi, na sababu ya kutompa zaidi ni Jimmy Young yule yule, Machi 1977 kule San Juan Foreman alimtikisa Young raundi ya 7 akashindwa kummaliza, akachoka, raundi ya 12 akaanguka yeye na kupoteza kwa pointi. Pumzi na utulivu dhidi ya mtu anayejua kujificha na kurudisha, tatizo la Kinshasa bado lilikuwepo miaka miwili na nusu baadaye. Ali hata akiwa amechoka alijua kazi ile kuliko Young.

Ukishafika hapo andika utabiri wako kwa ukamilifu: mshindi, kwa njia gani, karibu raundi gani, na sababu moja kubwa. Alafu mstari wa chini yake andika ni kitu gani ukikiona raundi tatu za mwanzo kitakuambia umekosea. Kwa Foreman wa 1976 mimi ningeandika hivi: akipiga chini ya nusu ya nguvu zake raundi mbili za mwanzo na anatumia jebu, Foreman ashinda. Akianza kurusha yale makonde ya kuzunguka kutoka mbali raundi ya kwanza, Ali tena. Ukiwa na mstari kama huo hata ukibishana na wazee mnakua na kitu cha kubishania.

Kwa mazoezi chukua Usyk na Tyson Fury mara ya tatu. Mei 2024 Riyadh Usyk alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, raundi ya 9 Fury karibu amalizwe akahesabiwa, Desemba wakarudiana na majaji wote watatu wakaandika 116-112 kwa Usyk. Fury alipanda kutoka ratili 262 hadi 281 kutafuta nguvu na haikumsaidia. Yapitishe yote niliyosema: kilichoamua ni nini, kinarekebishika, nani ana njia nyingi, umri unamla nani kwanza, tarehe gani. Mimi nakwambia mapema nampa Usyk kwa pointi, na hofu yangu moja tu ni umri, amezaliwa Januari 1987 na Fury Agosti 1988, na bondia anayetegemea miguu ikianza kwenda inakwenda kwa siku moja. Mapambano mawili yale yatafute kamili, raundi 24 zote, anza na la Mei.